MAGOTI YETU NA MITEREMKO YA GWARAMA

Tunafundisha rukuu na sijida kila mwaka, lakini siku hizi tunaona wazazi ambao hawajafikia uzee wakiomba kiti cha kuswalia kwa sababu ya magoti. Sheria inamruhusu asiyeweza kusimama aswali ameketi, hilo halina mjadala. Je, goti lenyewe limekwisha? Wengi husema ni uzee au baridi. Mara nyingi misuli nayo huchangia.

Pia ya goti huteleza katika mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja. Huongozwa na misuli ya mbele ya paja, na paja lenyewe hushikwa sawa na misuli ya nyonga. Misuli hiyo ikilegea, goti huingia ndani tunapokanyaga, na pia huelemea upande mmoja. Ndipo huuma mbele, hasa tukishuka, tukichuchumaa au tukiinuka baada ya kukaa sana.

Mtu atauliza: sisi tunaotembea kila siku, misuli italegeaje? Kutembea hukuza baadhi ya misuli kuliko mingine. Tena ndoo hubebwa kwa mkono ule ule tangu utotoni!

Kwenye tambarare goti hubeba kama mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Kushuka ngazi huzidi mara tatu: mtu wa kilo 60, karibu kilo 200 kila hatua. Gwarama hatuna ngazi nyingi, tuna miteremko, na paja hufanya kazi ile ile ya breki. Mzigo wa kuni hatujauhesabu.

Basi tushuke kwa hatua fupi, goti limepinda kidogo na kuelekea vidole vya kati. Fimbo ishikwe mkono wa upande usiouma. Wengi wetu hukosea hapa. Baada ya Alfajiri, kaa mkekani, nyoosha mguu, kaza paja ukihesabu hadi 5, mara 10. Kisha lala ubavu, inua mguu wa juu, mara 10. Fanya miguu yote miwili. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa, usiingoje Ijumaa ijayo.

Goti lililovimba na kuwa la moto pamoja na homa, lililokwama, au lisilobeba mwili baada ya kuanguka, si la mazoezi. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.