Kamera ya Jirani Inaishia Wapi?

Mwaka wa pili nilihama hosteli, nikapanga chumba kwenye ghorofa moja huko Sinza. Tupo ghorofa ya tatu, korido moja, milango sita. Mlango unaotazamana na wangu ni wa mama mmoja mtu mzima, tumwite Mama Rehema. Mwezi Machi wezi walibeba mitungi miwili ya gesi pale koridoni, na wiki iliyofuata akafunga kamera juu ya mlango wake. Sote tulimshukuru. Nasema hivyo mapema ili nisionekane nalalamikia ulinzi.

Siku moja nikamwamkia kwenye ngazi. Akaitikia, akanishika mkono: "Pole na hiyo sapu mwanangu, Mungu atakusaidia." Nilibaki nimeduwaa. Habari ya sapu nilikuwa sijaipeleka hata nyumbani. Nilimwambia rafiki yangu mmoja tu, tena kwa simu, nimesimama mlangoni kwangu natafuta funguo. Kumbe kamera ina sikio!

Hapo ndipo nikaanza kusoma. (Mimi ni wa uhasibu, wenzangu wa sheria mnivumilie.) Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977 inalinda maisha binafsi ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi halali, zisizidi mahitaji ya kusudi hilo, wala zisikae kupita muda unaohitajika. Ipo pia Tume ya kupokea malalamiko.

Wengi watakujibu, "Si kamera yake, kwake?" Swali kama hilo lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Bwana Ryneš wa Jamhuri ya Cheki alivunjiwa dirisha, akafunga kamera iliyonasa nyumba yake, lakini pia njia ya watu na mlango wa nyumba ya mbele. Mwaka 2014 mahakama ikasema kamera inayotazama nje ya eneo la mwenyewe si jambo la nyumbani tu. Na mwaka 2021 mahakama ya Oxford, Uingereza, iliona kwamba kunasa sauti za watu kutoka mbali kulizidi haja ya ulinzi. Hukumu hizo hazitufungi sisi, ila zimenifundisha cha kuuliza: inaona mpaka wapi, inasikia nini, nani anaangalia, na zinafutwa lini?

Nilikwenda kwa Mama Rehema jioni, na mkate wa kumimina mkononi. Sheria sikuitaja hata moja. Nilimwomba tu anionyeshe kwenye simu anachokiona. Mlango wangu ulikuwa katikati kabisa ya picha. Nikaenda kuufungua, na kwenye simu yake kikatokea kitanda changu na kanga iliyotundikwa. Mama akajiziba mdomo. "Jamani! Na hii sauti hata kuizima sijui."

Sauti tuliizima palepale, na kesho yake fundi akaigeuza kamera itazame ngazi, ambako wezi walipitia. Angekataa, ningeanza na mwenye nyumba, kisha Tume.

Ila zile za nyuma bado zipo. Mwanawe aliye Mwanza ndiye aliyeiunganisha, naye anaziona kwenye simu yake. Anakuja Jumapili, nimeshaomba nafasi ya kuzungumza naye.