SOMO: MAJI YA MTO YAPIMWE JUU NA CHINI YA BOMBA



Somo letu safari hii ni juu ya maji ya mto. Wengine watauliza: chama cha wafanyakazi kina nini na mto? Je, kazi yetu si mishahara na likizo? Jibu ni hili. Maji machafu yanayotoka kiwandani yamepita mikononi mwetu, na yakishatoka yanapita nyumbani kwetu. Mfanyakazi anafungua bomba asubuhi, na jioni watoto wake wanateka maji katika mto ule ule. Kwa hiyo mto ni sehemu ya hali ya kazi, sawa na vumbi na kelele za mashine.

Nianze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, tuliona samaki wanaelea. Tukajaza chupa moja maji yenye rangi ya chai, tukaenda kwa meneja, sisi watu sita. Akaitazama chupa, akauliza swali moja tu: "Na maji ya huko juu yako wapi?" Hatukuwa nayo. Akasema mto umekuja hivyo kutoka mlimani kwa sababu ya mvua. Tulirudi kazini kimya. Malalamiko tulikuwa nayo, lakini ushahidi hatukuwa nao. Somo hili ni kwa ajili ya chupa ile ya pili.

1. YALIYOTOKEA KASESE

Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956, wakati reli kutoka Kampala ilipofika Kasese. Shaba ilipelekwa Jinja kuyeyushwa. Lakini mchanga wa jiwe liitwalo pairaiti, wenye kobalti ndani yake, ulirundikwa Kasese mpaka ukafika kiasi cha tani milioni moja. Uchimbaji ulisimama mwaka 1982, rundo likabaki.

Pairaiti ina chuma na salfa. Ikipata maji na hewa hutoa asidi ya salfa, ndiyo ile iliyomo katika betri ya lori. Asidi hiyo huyeyusha shaba, kobalti na chuma, ikavibeba kwenda navyo. Mvua ilinyesha juu ya rundo lile miaka mingi. Maji yake yalitiririka hadi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, kuelekea Ziwa George, na yalipopita majani yalikufa, ardhi ikabaki kipara. Kuanzia mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilitoa kobalti katika rundo hilo kwa kutumia bakteria, kazi iliyochukua zaidi ya miaka kumi. Lakini mabaki mengine ya mgodi yamo katika bonde la Kilembe, kando ya mto Nyamwamba. Mafuriko ya mwaka 2013, ya 2014 na ya 2020 yalikula kingo na kuyachukua mabaki hayo.

Jambo hili si la migodi peke yake. Katika nchi zinazochoma makaa ya mawe ili kupata umeme, maji yatokayo kwenye marundo ya makaa na ya majivu huweza kubeba asidi na metali vivyo hivyo. Na ndugu zetu wa upande wa Bwera, msiseme hayawahusu. Maji ya kuoshea na kumenyea kahawa yana utamu unaochacha. Yakimwagwa mtoni kwa wingi hula hewa iliyomo majini, na samaki hukosa pumzi. Sumu ni nyingine, lakini njia ya kupima ni moja.

2. VITUO VITATU

Usichote maji mahali pamoja. Chota mahali patatu:

Kituo cha kwanza ni JUU ya bomba, kabla maji ya kiwanda hayajaingia mtoni.
Kituo cha pili ni MDOMO wa bomba au mfereji, nje ya ua wa kiwanda.
Kituo cha tatu ni CHINI ya bomba, mahali ambapo maji yamekwisha changanyika na mto.

Chagua alama isiyohama, kama daraja au mwamba, ili kila mara mrudi pale pale. Kituo cha juu ndicho shahidi mkuu. Kama juu ni safi na chini ni kubaya, uchafu umeingia hapo katikati. Kama juu nako ni kubaya, andikeni hivyo hivyo, hata kama hampendi. Katika mto kama Nyamwamba, wenye mabaki ya zamani bondeni, huenda mkakuta uchafu kabla ya kufika kiwandani. Tukisingizia mara moja, hatutaaminiwa tena.

3. VIFAA NA NAMNA YA KUCHOTA

Mnahitaji karatasi za kupimia asidi zenye chati ya rangi, chupa safi za plastiki, glavu za mpira, daftari na kalamu ya risasi. Wino hufutika ukilowa.

Karatasi husomwa hivi. Namba 7 ni maji ya katikati, si machachu wala si ya magadi. Chini ya 7 ni uchachu. Kila ukishuka namba moja, uchachu huzidi mara kumi. Kwa hiyo maji ya namba 4 ni machachu mara elfu moja kuliko ya namba 7. Ndimu iko karibu na namba 2.

Suuza chupa mara tatu kwa maji ya kituo kile kile, kisha ijaze na kuifunga. Andika juu yake kituo, tarehe na saa. Karatasi haiwezi kuonyesha shaba wala kobalti. Hizo hupimwa maabara. Ulizeni maabara kwanza, maana kwa kupima metali huwa na chupa zao walizoziandaa. Chupa hizo msizisuuze, zijazeni kama walivyoelekeza. Shirika la Afya Duniani linasema shaba katika maji ya kunywa isizidi miligramu 2 kwa lita.

Msiende mtu mmoja. Msiingie mtoni wakati umejaa. Msionje maji.

4. KUUSOMA MTO KWA MACHO

Maji yenye asidi huweza kuwa maangavu kama kioo, kwa hiyo msidanganyike na weupe wake. Tazameni mawe. Yakivikwa utando wa rangi ya kutu, ni chuma. Rangi ya kijani-buluu yaweza kuwa shaba. Kisha geuzeni mawe. Katika maji mazima mtaona vijidudu vyenye miguu sita na mikia miwili au mitatu, vimeshika jiwe kwa nguvu. Vikiwapo juu ya bomba na chini havipo, mto umekwisha sema.

Waambieni na wa nyumbani: kuchemsha maji huua vijidudu vya maradhi, lakini hakuondoi metali. Shaba iliyokuwamo kabla ya kuchemsha imo bado.

5. KUANDIKA

Pimeni kila juma, siku ile ile na saa ile ile. Ongezeni kupima baada ya mvua kubwa, na kila mnapoona rangi au harufu ngeni. Maana bomba lililo safi mchana si lazima liwe safi usiku.

Mfano wa kuandika: "Jumanne, saa moja asubuhi. Hakuna mvua. Juu 7. Mdomo 4. Chini 5. Mawe ya chini yana kutu." Kisha wawili waweke sahihi. Chupa moja ni malalamiko. Kurasa za miezi sita ni ushahidi. Haba na haba hujaza kibaba.

6. KUPELEKA

Daftari lipelekwe kwanza katika mkutano wa tawi. Tawi liliandikie menejimenti na kubaki na nakala. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inatambua wajumbe na kamati za usalama mahali pa kazi. Jambo hili liingizwe huko. Menejimenti isipojibu, nakala iende kwa afisa wa mazingira wa wilaya na kwa NEMA. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 39, inampa kila Mganda haki ya mazingira safi yenye afya.

Najua hofu iliyomo mioyoni: "Tukisema, kiwanda kitafungwa, tutakula nini?" Hofu hiyo si upuuzi. Mimi nina watoto kama ninyi. Lakini sisi hatuombi kiwanda kifungwe. Tunaomba bwawa lijengwe kabla ya bomba. Maji ya asidi yakitiwa chokaa, uchachu hupungua, na sehemu kubwa ya metali hugeuka tope na kuzama. Tope hilo huzolewa na kuhifadhiwa mbali na mto. Mawe ya chokaa tunayo wilayani mwetu, Hima na Muhokya. Na bwawa nalo lina kazi ndani yake: wajenzi, wapimaji, wazoaji. Anayetuambia tuchague kati ya mshahara na maji anatuuliza swali lisilo la haki, kwa sababu mshahara wenyewe tunaupeleka nyumbani kwa watu wanaokunywa maji hayo.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Maji machafu ya mahali petu pa kazi huingia mto gani, na kijiji gani kinayateka kwanza?
2. Kituo chetu cha juu kitakuwa wapi? Alama yake ni nini?
3. Ni akina nani wawili watakaoshika daftari, na nani atawashika mkono wakitishwa?

Tawi lisiondoke mkutanoni bila kujibu swali la tatu. Mtu mmoja mwenye chupa ni rahisi kufukuzwa. Tawi zima lenye daftari si rahisi.