Jaribu Kanuni za Mfumo Wako Kabla ya Kuandika Msimbo

Watengenezaji wa programu wanapochora mfumo wa maktaba ubaoni, huweka visanduku vya wasomaji na vitabu, kisha mishale ya "ameazima". Hiyo tayari ni grafu. Zana za kugeuza grafu hukuwezesha kuongeza kanuni za jinsi mchoro huo unavyoruhusiwa kubadilika, kisha kompyuta ikazijaribu. Msingi wa kialjebra wa kugeuza grafu uliwekwa Berlin mwaka 1973 na Hartmut Ehrig na wenzake.

Kanuni ina pande mbili: kushoto kipande cha kutafutwa, kulia sura yake mpya. Kanuni ya kuazima husema: ukikuta msomaji na kitabu, ongeza mshale. Ukiishia hapo, kitabu kimoja kitaazimwa na watu wawili. Weka sharti la kukataza: kitabu kisiwe kimeshaazimwa.

Kufuta ndiko kunakoponza wengi. Msomaji akifutwa akiwa bado na kitabu, mshale wake utaning'inia wapi? Kwa mbinu ya Ehrig, kanuni hiyo haitekelezwi. Mbinu nyingine humfuta pamoja na mishale yake yote, na maktaba haijui tena kitabu kiko kwa nani. Kwa kumbukumbu za watu nashauri ya kwanza. GROOVE, zana ya bure ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, hufuata ya pili usipobadilisha mpangilio wake, kwa hiyo ubadilishe mapema.

Uzuri wa GROOVE ni kupitia kila hali ambayo mfumo unaweza kufikia. Kwa kanuni ya kuazima pekee, wasomaji wawili na vitabu viwili hutoa hali 9, lakini zana hutambua michoro yenye umbo moja na kubakiza 4. Ukimpa kila msomaji na kila kitabu jina lake, zinarudi 9. Wasomaji kumi na vitabu kumi vyenye majina hutoa hali zaidi ya bilioni 25, na hakuna kompyuta ya mezani itakayozimaliza. Anza na mfano mdogo usio na majina.

Ukitaka kujua kanuni zipi zinagongana, zana ya AGG ya Berlin huzilinganisha mbili mbili. Anayetumia Eclipse atafaidika na Henshin. Anayehitaji kasi ajaribu GrGen.NET, iliyoanzia Karlsruhe.

Chukua sehemu moja ya mfumo wako inayoshikwa na watumiaji wengi kwa pamoja, andika kanuni zake tatu au nne, uzijaribu wiki hii.