Kufundisha Wenzo kwa Springi za Gari la Mashindano

Mwalimu afikapo kwenye mada ya wenzo, aghalabu huchora mkasi na toroli ubaoni, akaonyesha egemeo, akaendelea mbele. Wanafunzi hunakili, na hapana anayeshangaa. Napendekeza mfano mwingine kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, nao ni springi za nyuma za gari la mashindano ya njia ya udongo. Ndani yake mna swali ambalo wanafunzi wengi hulijibu vibaya. Mimi pia nililijibu vibaya, tena mbele ya darasa.

Mashindano haya yamestawi sana Marekani. Uwanja wa Eldora katika jimbo la Ohio, uliofunguliwa mwaka 1954, una njia yenye umbo la yai, na mzunguko wake ni nusu maili, yaani mita 800 hivi. Magari huenda kinyume cha saa, kwa hiyo kila kona hukatwa kushoto, na uzito huelemea magurudumu ya kulia. Jioni udongo huwa umelowa na kunata. Kadiri mbio ziendeleavyo hukauka na kuanza kuteleza. Kwa kawaida mafundi huchagua springi ngumu zaidi njia inaponata, na laini zaidi inapoteleza, ili gurudumu lisibanduke ardhini. Watoto watakuambia kuwa springi ngumu ndiyo bora siku zote. Waache waseme, usiwasahihishe bado.

Sasa uliza hivi. Katika baadhi ya magari, springi hukaa juu ya mkono wa chuma, ambao ncha yake moja imefungwa kwenye fremu kwa bawaba na ncha ya pili inashika gurudumu. Fundi akiitoa springi kwenye ncha ya gurudumu na kuiweka katikati ya mkono, gurudumu litashuka mara ngapi zaidi kwa mzigo ule ule? Darasa zima litajibu: mara mbili. Nami nilikubali, nikaandika ubaoni "mara 2". Kijana mmoja aliomba tupime. Tulipopima nililazimika kufuta.

Zana ni chache: fito nyepesi ya sentimeta 60, msumari wa kuwa egemeo, uzi, jiwe dogo, rula na springi moja. Zungusha waya mgumu wa chuma kwenye kipande cha nondo, kisha zivute koili ziachane kidogo. Waya laini wa kufungia haufai, maana ukivutika haurudi. Vipande vya tyubu ya baiskeli havifai pia, kwa kuwa mpira hauvutiki kwa ulinganifu. Sharti ni ile kanuni aliyoitangaza Robert Hooke mwaka 1678, kwamba mvutiko hulingana na kani.

Ning'iniza fito kwa springi iliyofungwa kwenye ncha ya mbali, ukirekebisha uzi hadi fito ilale sawa. Weka alama, tundika jiwe kwenye ncha hiyo, upime. Tuseme ncha imeshuka sentimeta 2. Hamishia springi kwenye alama ya sentimeta 30, sawazisha fito tena, tundika jiwe lile lile pale pale nchani. Ncha itashuka karibu sentimeta 8.

Hapa usiharakishe. Kwa kuwa springi iko nusu ya umbali kutoka kwenye egemeo, inabeba kani maradufu, nayo inavutika sentimeta 4 badala ya 2. Hilo watoto walilikisia. Walichosahau ni kwamba ncha iko mbali mara mbili kuliko springi, hivyo sentimeta 4 za springi huwa 8 za ncha. Wenzo umefanya kazi mara mbili: kwanza juu ya kani, kisha juu ya mwendo. Mwanafunzi aoneshe kwa kidole mahali pa kila kuzidisha. Akishindwa, hajaelewa hata kama anaijua nne.

Kwa fundi wa magari jambo hili si dogo. Iwapo ataka ugumu wa kilogramu 4 kwa kila sentimeta pale gurudumuni, na nafasi ya springi ni katikati ya mkono tu, hana budi kununua ya kilogramu 16. Akinunua ya 8, gari litalala kupita kiasi kwenye kona. Hali hujitokeza pia penye ekseli moja ya nyuma iliyo ngumu. Magurudumu yakiwa mbali sentimeta 150 na springi sentimeta 100, ugumu wa kuzuia gari lisilale ni theluthi mbili mara theluthi mbili, yaani 4/9 ya ule ambao springi zingetoa zingekaa magurudumuni. Ila magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, nafasi hiyo haibadilishi kitu.

Kabla ya kengele, waulize ncha itashuka kiasi gani springi ikiwa kwenye sentimeta 40. Kila mmoja aandike kisio lake daftarini kabla ya jiwe kutundikwa. Jibu ni sentimeta 4 na nusu.