Usimtafutie mtoto ukambi

SWALI: Daktari, mwanangu wa miezi 19 alichanjwa ukambi akiwa na miezi tisa, lakini sindano ya pili ilitupita. Sasa binamu yake anaugua, na cucu (nyanya) wake anasema tuwalaze pamoja aambukizwe mara moja, kwani kinga ya ugonjwa wenyewe hushinda ya sindano. Ni kweli? – Mama, Othaya

JIBU: Mama, usiwalaze pamoja. Kama wameshakutana, nenda kliniki leo hii. Sindano ikidungwa ndani ya saa 72 inaweza kumkinga au kupunguza makali. Ni bure, na miezi 19 si kuchelewa sana. Ukisubiri siku ya soko ipite, utakuwa umechelewa.

Hii ya "kinga ya asili" nimechoka nayo, ingawa ina punje ya ukweli: aliyeugua ukambi akapona kwa kawaida haugui tena. Ila wanaotusimulia hivyo ni waliopona.

Tena ugonjwa huu hauuzi kinga kwa bei nafuu. Virusi vyake huua seli zinazokumbuka maradhi ambayo mtoto ameshayashinda. Utafiti uliochapishwa 2019 kuhusu watoto wa Uholanzi wasiochanjwa ulikuta kwamba ukambi ulifuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao dhidi ya vijidudu vingine. Ndiyo maana mtoto hupona upele, kisha nimonia ikamlaza wodini baadaye, na nyumbani wakalaumu baridi ya Nyeri. Chanjo haifuti chochote.

Cucu pengine aliugua utotoni, hivyo watoto wake walizaliwa na kingamwili nyingi kutoka kwake. Mama aliyekingwa kwa sindano tu humpa mtoto chache, nazo huisha mapema. Kwa hiyo vichanga wa leo hubaki wazi kabla ya kufikisha miezi tisa, na mwanao akiugua ndio atakaowaambukiza. Hata katika miezi tisa, masalio ya kingamwili za mama huweza kuizuia chanjo isishike vizuri: kati ya watoto 100, hushika kwa takriban 85. Sindano ya miezi 18 ipo kwa ajili ya hao 15. Si ya hiari.

Binamu naye aende hospitali apewe vitamini A. Na msimtie kitu machoni! Nimeona jicho la mtoto likiwa na doa jeupe katikati ya mboni, baada ya jirani kulikamulia majani eti kuondoa wekundu. Doa lile halikutoka. Utafiti wa Tanzania wa 1987 ulitaja dawa za kienyeji za macho miongoni mwa sababu za vidonda vya jicho kwa watoto, pamoja na ukambi wenyewe.

Mtoto mgonjwa akipumua kwa kasi, akikataa kunywa au akishikwa na degedege, msingoje upele "utoke wote". Ondokeni usiku huohuo. Mkifika, mwambieni muuguzi mlangoni kabla ya kuketi, kwa sababu virusi hivi hukaa hewani kwa muda wa hadi saa mbili, na benchi la kliniki limejaa vichanga.