Dondoo muhimu: Ijue kompyuta yako ya nyumbani

Anza na toleo la Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Kidirisha kitakachofunguka kitakuonyesha toleo hilo. Ukikuta Windows 10, usikawie: muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa na Microsoft uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Angalia kama mashine inaweza kupokea Windows 11. Ikishindwa, mfumo endeshi wa Linux Mint ni wa bure na kompyuta nyingi za zamani huumudu vizuri.

Kwa anayeanza kabisa, napendekeza tovuti ya GCFGlobal: masomo ya bure, Kiingereza chepesi, kuanzia kushika kipanya. Kompyuta ikikwama, nakili ujumbe wa hitilafu neno kwa neno, namba zake pia, uutafute kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au programu husika. Programu nazo zipakue kwenye tovuti za watengenezaji wake.