Titi Linalovimba Bila Donge



Tumezoea kuambiwa: ukigusa donge kwenye titi, nenda hospitali. Ushauri ni mzuri, ila ipo saratani ambayo mara nyingi haitoi donge. Huitwa saratani ya titi ya kuvimba. Ni adimu, Marekani ni kati ya asilimia 1 na 5 ya saratani zote za matiti. Huwapata hata wanawake vijana.

Chembe za saratani huziba mishipa midogo ya limfu ndani ya ngozi. Maji yanakosa njia, titi linavimba, linakuwa zito na la moto, na ngozi hutoka vishimo kama ganda la chungwa. Haya yote huja kwa wiki chache tu. Vitabu husema "wekundu", lakini waandishi wake walikuwa wakitazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu rangi huelekea zambarau au weusi, au isionekane kabisa. Basi shika titi, usitegemee macho.

Mama anayenyonyesha kule Nakivale, wilayani Isingiro, akifika kituo cha afya na titi la namna hii, atapewa antibayotiki, kwani maambukizi ya titi ndiyo ya kawaida zaidi. Hilo si kosa. Kosa ni kumrudishia dozi ya pili, kisha ya tatu. Siku 7 hadi 10 zikipita bila nafuu, aandikiwe rufaa aende Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, apigwe ultrasaundi, na kinyama cha titi pamoja na ngozi kikatwe kipelekwe maabara. Bila kinyama hicho, kilichobaki ni kubahatisha.

Matibabu yana mpangilio: dawa za saratani kwanza, kwa miezi kadhaa; kisha upasuaji wa kuondoa titi lote na tezi za kwapani; kisha mionzi. Ukianza na kisu, unakata ngozi ambayo tayari imejaa chembe. Kinyama hupimwa pia homoni na HER2, maana majibu hayo ndiyo yanayochagua dawa. Mionzi nayo si jambo dogo: mwaka 2016 mashine pekee ya nchi nzima, pale Mulago, iliharibika kabisa.

Wapo dada wanaobaki nyumbani kwa kuona haya mbele ya daktari mwanamume. Mafaqihi wamelieleza: atafutwe kwanza daktari mwanamke, asipopatikana, mwanamume anaruhusiwa kutazama na kugusa kwa kadiri ya haja, na vizuri awepo maharimu au muuguzi wa kike. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta tiba.

Wakimbizi wengi wa Nakivale, hasa wa Kongo na Burundi, wanazungumza Kiswahili, na wahudumu wengi Kinyankole. Mwanafunzi wa tiba atakayepangiwa huko ana faida hapo. Amwulize mama kwa lugha yake: dawa hii ulianza kunywa lini, na hii ni dozi ya ngapi?